Kitanda cha Meya Kiko Ng'ambo ya Mpaka

Jumatatu, 1 Machi 1909

Baraza limepiga kura. Watano kwa wanne. Kampuni ya maji ipewe mkataba mpya, miaka ishirini na mitano, maji yaleyale ya mtoni, bila chujio. Watano! Wawili kati yao niliwajengea dohani kwa mikono yangu mwenyewe, na hazijawahi kurudisha moshi ndani hata siku moja. Ndiyo shukrani.

Nimepiga kura ya turufu palepale. Meya wa mji huu akikataa, lazima wapatikane madiwani sita wa kumpinga. Wanao watano. Basi.

Speight, mwenyekiti wa baraza, kanifuata kwenye korido. Sauti ya kubembeleza. Joe, mji huu unakunywa maji haya tangu enzi ya babu yangu. Nikamwambia, babu yako alikufa kwa homa ya matumbo.  Kacheka, kanipiga begani. Speight hakupigi begani bure. Ana jambo.

Mwaka jana homa hiyo iliua watu arobaini na mmoja hapa Corwin Forks. Nimehesabu mwenyewe, makaburini, kwa sababu takwimu za kampuni zilisema kumi na tisa.

Rozalie, mke wangu, kauliza wakati wa kula: umewashinda? Nikasema nimewakalia. Kasema basi kula, supu ya kabichi haingoji baraza. Bado mikono yake inanuka mafuta ya maandazi waliyokaanga kanisani kabla ya Kwaresima. Wiki nzima anasugua na sabuni. Hayatoki.

Alhamisi, 4 Machi

Leo rais mpya kaapishwa Washington. Wanasema kuna theluji ya kutisha huko. Hapa Ohio ni matope tu.

Finnerty, wakili wa mji, kaingia ofisini bila kubisha.

"Joe, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi simama, halafu ukae tena. Habari yenyewe inataka mtu akae."

Crewe, wakili wa kampuni ya maji, amefungua kesi. Anasema mimi siishi mjini. Meya lazima aishi mjini. Nikacheka. Finnerty hakucheka.

Niandike vizuri nielewe mwenyewe. Mpaka wa mji upande wa mashariki ni katikati ya Kijito cha Tannery. Ndivyo hati inavyosema. Kijito kilikuwa na kona kama kiwiko, kila masika kinafurika mitaa ya wafanyakazi. Muhula wangu wa kwanza nikakinyoosha. Watu sitini, majembe, kiangazi kimoja. Hakijafurika tena. Kona ya zamani ikabaki shimo la matope, mwenye shamba akaniuzia kwa bei ya kutupa, nikajaza kifusi, nikajenga nyumba. Matofali nimepanga mwenyewe, kila Jumamosi. Watu wote waliamini mpaka umehama na maji. Mimi, karani wa mji, mpima ardhi, hata mleta barua.

Sasa Crewe kafukua sheria. Kijito kikijihamisha chenyewe polepole, mpaka unakifuata. Kikihamishwa na watu kwa majembe, mpaka unabaki ulipokuwa.

Ulipokuwa ni chini ya nyumba yangu.

Yaani nimeokoa mitaa minne na mafuriko, na malipo yangu ni haya!

Ijumaa, 5 Machi

Mpima ardhi kaja na mnyororo na vigingi. Amechimba uani, kapata mawe ya ukingo wa zamani. Kisha kavuta kamba nyekundu kupitia dirishani, ikakata nyumba mshazari. Jikoni, stoo na sebule: mjini. Chumba cha kulala: Tarafa ya Bascom, kwa wafuga ng'ombe.

Rozalie alisimama na ufagio. Msinikwaruzie sakafu, kawaambia. Halafu:

"Kwa hiyo nikipika niko mjini, nikilala niko shamba?"

"Ndiyo, mama."

"Mmh. Ndiyo maana mgongo unaniuma asubuhi. Safari ndefu."

Mpima ardhi alicheka hadi akaangusha kigingi. Mimi nilikuwa natazama kamba. Sheria inasema mtu anaishi pale anapolala. Si anapokula, si anapofanya kazi, si alipotia jasho. Anapolala. Miaka mitatu nimelala Bascom, na mguu wa kitanda uko futi nne tu kutoka kwenye mji ninaouongoza.

Jumapili, 7 Machi

Watu wa Jumapili wamekuja kama kawaida baada ya misa, wamejaa kibaraza cha nyuma. Kila wiki naletewa mtaro ulioziba, taa ya barabarani isiyowaka, mwana anayetafuta kazi. Leo shida zilikuwa chache, macho yalikuwa mengi. Wanataka kuiona kamba.

Bi Gilhooly, mjane wa jirani, kaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, sasa mtaro wake atauzibua nani, meya au ng'ombe? Mzee mmoja wa mtaa wa Wapolandi kashika mkongojo, akawa anaruka kamba huku na huku. Niko mjini! Niko shamba! Niko mjini! Watu hoi kwa kucheka. Nikacheka nao. Kura ni kura.

Jumatatu, 8 Machi

Mahakamani. Ukuta wa kaskazini wa jengo lile niliupanga nikiwa na miaka kumi na tisa. Kibarua wa zege toka nina miaka kumi na mmoja, fundi miaka minane baadaye. Nilipokuwa nasikiliza nikaona tofali moja, safu ya tano, limekaa upande. La mtu mwingine hilo. Si langu.

Crewe kaongea vizuri, lazima nikiri. Mtu mwembamba, mpole, hapandishi sauti.

Jaji hakutaka kuamua haraka. Kesi itasikilizwa Jumatatu tarehe 22. Mpaka siku hiyo nabaki meya kwa sharti moja: kila usiku nilale mjini. Finnerty kauliza, hotelini? Jaji kasema hoteli si nyumbani, alale nyumbani kwake, upande wa mji. Tarishi wa mahakama atapita alfajiri yoyote atakayopenda, bila taarifa. Alfajiri moja tu akinikuta ng'ambo ya kamba, kiti ni kitupu, na Speight anakaimu.

Speight akikaimu atatia sahihi mkataba kabla kofia yangu haijatoka msumarini. Hilo halihitaji wakili.

Nimerudi nikajaribu kuhamisha kitanda. Haiwezekani. Cha mti wa jozi, baba yake Rozalie alikiunga mlemle chumbani siku tulipohamia, na ubao wa kichwani ni mpana kuliko mlango. Nikaleta msumeno.

"Unakata nini?"

"Ubao tu."

"Kata mguu wako kwanza, halafu tutazungumzia kitanda cha baba."

Nikamwomba basi tuhamie jikoni wote wawili, wiki mbili tu. Kanitazama kama mtu aliyeombwa alale zizini.

"Mimi sikugombea kitu, Josef. Hata kura sina. Sheria yenu mliitunga bila mimi. Ikalale yenyewe jikoni."

Kwa hiyo niko jikoni. Kitanda cha turubai, kati ya jiko na stoo.

Jumatano, 10 Machi

Tarishi kaja leo mara ya kwanza. Anaitwa Purdy. Masharubu makubwa, aibu kubwa zaidi. Alifuta viatu mlangoni muda mrefu mno, kimoja, halafu kingine, halafu cha kwanza tena. Kanikuta nimevaa nguo za kulalia, nachochea jiko. Kaniomba radhi. Kisha akaweka kiganja chake juu ya blanketi langu, kuona kama lina joto. Lina joto. Kaandika. Rozalie kampa kahawa na mkate. Kaniomba radhi tena.

Gazeti limenichora: kichwa mjini, miguu tarafani, ng'ombe analamba vidole. Si mchoro mbaya. Ng'ombe kafanana na Speight.

Kwa kinyozi:

"Meya, nianze upande upi? Wa mjini au wa shamba?"

"Wa mjini. Wa shamba mwachie ng'ombe."

Miaka ishirini na sita hatujawahi kulala vyumba viwili. Sasa tunaongea kupitia mlango ulio wazi, kamba ikiwa katikati. Jana: Joe, umelala? Bado. Mji unasemaje? Mji una panya, nikamwambia. Kasema tarafani kumetulia, kuna nafasi. Akalala kabla sijajibu. Mkoromo wake unafika mpaka jikoni. Sikuwa najua kwamba siku zote umekuwa ukinilaza.

Jumamosi, 13 Machi

Purdy kaja jana na leo pia. Blanketi la moto mara mbili.

Madiwani wanne wangu bado wamesimama imara. Nimewatembelea mmoja mmoja.

Rozalie anaumwa kichwa. Hakula. Anasema ni upepo wa Machi.

Jumatatu, 15 Machi

Homa. Dk. Amsel kaja saa nne asubuhi. Kamshika tumbo, kamtazama ulimi. Kaniuliza kama tunachemsha maji. Nikamjibu kwa hasira kidogo: nyumbani kwangu hakuna tone lisilochemshwa, hata la kuoshea uma! Akamgeukia Rozalie. Na kwingine, mama?

Kafikiri. Kanisani, kasema. Siku ya maandazi. Mafuta yalikuwa ya moto, wanawake kumi na wawili jikoni, madirisha yamefungwa. Nilikuwa na kiu, nikafungua bomba.

Daktari kahesabu kwa vidole. Mimi pia. Wiki tatu zilizopita.

Hajalitaja jina la ugonjwa. Kasema tungoje madoa.

Jumanne, 16 Machi

Nilimwuliza daktari kama ninaweza kumbeba, godoro na vyote, nimlaze sebuleni. Futi kumi na tatu. Nimebeba mizigo mizito kuliko Rozalie, na kwenye ngazi. Kakataa kabisa. Ikiwa ni ile anayoifikiria, utumbo unakuwa kama karatasi iliyolowa. Asiinuliwe, asigeuzwe kwa nguvu, asikae hata kitako.

Kitanda hakipiti mlangoni, na mgonjwa hatoki kitandani.

Bi Gilhooly amejitolea kukesha naye. Nilimshukuru. Kasema nisimshukuru, mtaro wake umezibuliwa Ijumaa, tumelingana.

Jumatano, 17 Machi

Sikukuu ya Waayalandi. Meya huongoza maandamano, sikuwa na njia. Finnerty kavaa utepe wa kijani, mimi nikachomekewa jani kofiani. Kutoka vibarazani: Meya, umelala vizuri? Meya, ng'ombe hajambo? Nilipunga mkono. Tarumbeta, matope, farasi wawili wa kiwanda cha bia waligoma mbele ya kanisa. Nilipata saa moja na nusu ya kutofikiri.

Nyumbani, homa ya Rozalie nyuzi mia na tatu za Fahrenheit. Madoa matano tumboni, ya waridi. Daktari kataja jina sasa.

Nakaa naye mpaka taa zizimwe, halafu navuka kamba. Anajua saa. Nikisimama hufumba macho, ili nisione kama anatazama.

Alhamisi, 18 Machi

Crewe kaja ofisini, kofia mkononi. Kasikia habari za Rozalie, mji wote umesikia. Mpole vilevile.

"Bwana Brabec, mimi si mnyama. Jiuzulu leo, kwa heshima. Hakuna mtu hata mmoja atakayekulaumu. Nenda ukakae na mkeo."

"Na mkataba?"

"Mkataba utakwenda njia yake."

"Wewe unakunywa maji gani, Bwana Crewe?"

Akatazama kofia. Ya chupa, kasema. Mke wangu anapendelea ya chupa.

Alipoondoka nilipiga hesabu nyuma ya bahasha. Arobaini na moja kwa mwaka. Mara miaka ishirini na mitano. Elfu moja na ishirini na tano. Upande wa pili nikaandika: moja. Mstari chini. Maisha yangu yote nimefanya hesabu kubwa kuliko hiyo kichwani, juu ya jukwaa, upepo ukivuma, na sijawahi kukosea tofali moja. Nilikaa na penseli mpaka karani akaja kufunga ofisi.

Ijumaa, 19 Machi

Nyuzi mia na nne. Anaongea Kicheki na baba yake, aliyekufa. Anamwambia pembe ya kitanda haijakaa sawa. Halafu anarudi, akili timamu kabisa, ananiuliza kama nimekula. Bi Gilhooly amepika viazi. Nimekula.

Finnerty kapita. Anasema Jumatatu tutashinda, karibu ana uhakika. Amepata kesi ya zamani huko Indiana, mtu na ghala lake, mpaka katikati. Zimebaki alfajiri tatu, Joe. Kesho, kesho kutwa, Jumatatu. Purdy hajaonekana tangu Jumamosi, na Finnerty anadhani ananionea huruma. Mimi nadhani wamemkaripia kwa ile kahawa, na sasa atakuja kila siku.

Nilipotaka kutoka chumbani Rozalie kafumbua macho. Midomo imepasuka.

"Rudi mjini, Bwana Meya. Huku tarafani hatuna kura."

Nikavuka. Nilikaa juu ya kile kitanda cha turubai na viatu miguuni. Mkoromo hakuna. Kuna kitu kingine, kifupi, kama mtu anayepanda ngazi.

Jumamosi, 20 Machi, alfajiri

Bi Gilhooly aliniamsha bado giza. Alisema tu, njoo. Nikauliza kuna nini, akasema kwa ukali, nimekwambia njoo, wewe mwanamume!

Nimevuka. Niko upande wa Bascom, kwenye kiti, naandika juu ya goti. Daktari ametumiwa mtu. Nyuzi mia na tano, au kipimo kimeharibika. Rozalie hanijui. Ameniita kwa jina la baba yake, halafu kwa jina la kaka yake. Halafu akashika kidole changu akanyamaza. Kupumua kwake kumeshuka kidogo tangu alipokishika. Nimepima kwa saa, kisha nikajiambia haina maana, kisha nikapima tena. Kumeshuka.

Huku sijalala. Hilo niliandike. Sheria inasema anapolala, na mimi sijalala, nimekaa. Finnerty angeweza kusimamisha ukuta mzima juu ya tofali hilo. Au usingesimama. Hajawahi kukutana na tofali jembamba namna hii.

Lakini turubai liko jikoni na limepoa. Hilo najua bila kwenda kuligusa.

Kumekucha kidogo. Kamba naiona sasa, inapita mlangoni. Ina vumbi. Rozalie angekuwa mzima angeifagia.

Magurudumu barabarani. Yamesimama.

Bi Gilhooly yuko dirishani. Meya, kasema, ni yule mtu wa mahakama. Yuko kibarazani, anafuta viatu. Nikauliza ana haraka? Kasema hana, kiatu kimoja bado. Kisha akanisogelea, kaninong'oneza: nikalale mimi humo turubaini nikupashie moto blanketi? Mjane, katika kitanda cha meya, Kwaresima! Nilikaribia kucheka. Nimemwambia asante, hapana. Kasema basi amka wewe. Amka uende, nipo mimi hapa, nitamshika mkono huo huo.

Nimemtazama mkono wake. Mkubwa kuliko wangu. Mkono mzuri.

Elfu moja na ishirini na tano.

Kiatu cha pili.

Futi kumi na tatu. Nikisimama sasa, hata nisipokimbia, nafika. Naweza kuingia chini ya blanketi na viatu. Lingepata joto kidogo. Purdy ni mtu anayetaka kukuta joto.

Kidole changu bado kiko mkononi mwake. Hajakishika kwa nguvu. Ukiangalia vizuri hajakishika kabisa, amekizungushia vidole tu. Ningeweza kukitoa asijue.

Purdy kabisha. Mlango wa jikoni, upande wa mji. Bi Gilhooly ananiuliza afungue, au amwambie asubiri.

Kiatu cha kwanza tena, ningesema kama ningekuwa mlangoni. Futa tena, Purdy.

Kabisha mara ya pili. Bi Gilhooly anangoja jibu langu. Rozalie kapumua, na mimi nahesabu hadi pumzi inayofuata.